Sifuri Niliyoinyamazia

Mwalimu mpya aliponisalimia shikamoo mbele ya walimu wenzangu, niliitikia marahaba huku moyoni nimekasirika. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Yeye alikuwa hajafika hata ishirini na sita, mwenyeji wa Iringa, amepangiwa shule yetu ya sekondari huku Serengeti, na begani amebeba begi lenye kompyuta yake mwenyewe. Kwa adabu hakukosea kitu. Lakini ofisi nzima ilisikia, na tangu siku ile nikajiona nimehamishiwa upande wa wazee bila kuulizwa.

Mimi ni mzaliwa wa Itiryo, Tarime. Nilikuja kufundisha hesabu katika shule hii nikiwa bado msichana, nikaolewa hapa, nikazalia hapa. Somo la kompyuta lilipoanzishwa hatukuwa na mwalimu wake. Mkuu wa shule akaniambia, "Wewe si ni mtu wa namba? Lichukue kwa muda." Muda huo ukawa miaka saba. Sikuwahi kusomea kompyuta. Niliwahi kuchaguliwa kwenda Musoma kwa mafunzo ya wiki mbili, ila nilikuwa nanyonyesha mtoto wangu wa pili, akapelekwa mwalimu mwingine, na mwaka uliofuata akahamishwa na kila alichojifunza.

Kwa hiyo nilifundisha kompyuta kwa chaki. Na sehemu moja tu niliiweza kuliko mtu yeyote wilayani, au ndivyo nilivyojidanganya: kubadili namba zetu za kawaida kwenda bainari, yaani namba zinazoandikwa kwa sifuri na moja peke yake. Naandika kumi na tatu ubaoni, na darasa zima linaimba nami. Kumi na tatu gawanya kwa mbili, sita, baki moja. Sita gawanya kwa mbili, tatu, baki sifuri. Tatu gawanya kwa mbili, moja, baki moja. Moja gawanya kwa mbili, sifuri, baki moja. Halafu napiga ubao kwa rula na kupaza sauti, "Someni kutoka wapi?" Nao wanajibu, "Kutoka chini kwenda juu, Madam!" Moja, moja, sifuri, moja. Hata wale wa nyuma kabisa, ambao Kiswahili chenyewe walikuwa wanakichanganya na Kikurya au Kinata, waliondoka na kitu hicho.

Mwalimu mpya alikabidhiwa somo la kompyuta wiki ile ile. Mkuu alinishukuru kwa maneno mawili, nikatoa funguo kwenye mkoba wangu nikampa mwanadada yule wa Iringa. Ufunguo wa akiba nilibaki nao. Hakuna aliyeuulizia, na mimi sikuutaja.

Kwenye chumba kile kulikuwa na kompyuta kumi na moja za msaada. Mimi nilizikuta zinawaka nne, na nilipozikabidhi zilikuwa zinawaka nne. Ndani ya mwezi mmoja yeye alikuwa amefikisha tisa. Alizifungua, akapuliza vumbi, akatoa kitu kwenye hii na kukiweka kwenye ile. Wanafunzi walikuwa wanakimbia kwenda kwenye kipindi chake. Kwangu walikuwa wanakuja tu. Alijifunza salamu za Kikurya kutoka kwa mama wa chai, akawa anazitamka vibaya, na watu wakampenda zaidi kwa kule kuzitamka vibaya. Mimi ninayezijua tangu tumboni sikumbuki mtu kunishangilia kwa kuzisema.

Haya yote ningeyameza. Nilichoshindwa kumeza ni habari ya binti mmoja wa kidato cha tatu.

Baba yake alitoka Kahama kuja kufuata dhahabu upande wa Tarime, akiishi kwa kuhamahama kati ya mashimo, na binti akawa anakaa bwenini. Tangu kidato cha kwanza alikuwa wangu. Kila mapumziko alikuja mezani kwangu ofisini na daftari lake la miraba, anasimama pembeni hadi nimalize chai, kisha anasema, "Madam, nipe ngumu." Nampa ngumu. Anaondoka, anarudi nayo imekwisha. Nilikuwa nimeanza kumsimulia mume wangu habari zake kama mtu anavyosimulia habari za mwanawe.

Muhula wa pili wa mwaka ule, mapumziko ya Jumatatu yakapita hakuja. Nikadhani anaumwa. Jumanne hakuja. Jumatano nikatoka nje na kikombe changu, nikajifanya naangalia mawingu, nikamwona kupitia dirisha la chumba cha kompyuta. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwalimu, na mwalimu mwenyewe amesimama nyuma yake na mikono mfukoni, wanacheka.

Nilirudi ofisini chai ikiwa imepoa.

Siku chache baadaye niliingia kwenye chumba kile kwa kisingizio cha kutafuta bikari ya ubaoni. Mwalimu mpya alifurahi kuniona. "Karibu Madam, njoo uone kitu utakachokipenda." Akanikalisha. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi machache, mistari kama minane hivi, kwa lugha ya programu inayoitwa Python. Wanafunzi waliiita lugha ya chatu. "Andika namba yoyote," akasema. Nikaandika kumi na tatu. Nikabonyeza. Hata kidole sikuwa nimekiinua vizuri, jibu likatoka: 1101.

Vipindi viwili. Mimi hiyo hesabu nilikuwa naitengea vipindi viwili.

"Ni njia yako ile ile," akasema. "Inagawanya kwa mbili, inaweka baki, inarudia mpaka iishe. Tungeweza kutumia amri ambayo lugha yenyewe inayo tayari, ila nimekataza. Nataka waijenge wenyewe. Madam, ukipenda nakufundisha. Ni siku tatu tu kwa mtu anayejua hesabu kama wewe."

"Mimi ni mtu wa chaki," nikamjibu, nikachukua bikari ambayo sikuwa na kazi nayo.

Jumamosi moja tembo waliingia mashamba ya kuelekea Nyambureti, na wanafunzi wengi wa kutwa wakabaki nyumbani kusaidia wazazi. Mwalimu mpya naye alikuwa amekwenda mjini Mugumu. Nilifungua chumba cha kompyuta kwa ufunguo wangu wa akiba. Mlangoni kulikuwa na daftari la kusaini, nililianzisha mimi mwenyewe miaka ile, na kwa mazoea nikasaini: jina, saa nne asubuhi. Nikawasha kompyuta, nikaitafuta ile programu, nikaikuta imehifadhiwa kwa jina la "badili".

Sikwenda kujifunza. Nilikwenda kutafuta kosa.

Niliandika saba. Sawa. Ishirini na tano, sawa. Sitini na nne, sawa. Nikaandika mia mbili na hamsini, nikaikokotoa pembeni kwa kalamu, ikawa sawa. Nikaandika namba ya mwaka niliomaliza chuo. Nikajaza kurasa mbili za migawanyo kwa mkono wangu, na kila nilipolinganisha, kompyuta ilikuwa imeshafika kabla yangu na imepatia. Jasho lilikuwa linanitoka. Nilijiona kama mwanamke anayepekua mifuko ya suruali ya mumewe, anajua ni aibu, lakini mkono hautoki.

Karibu saa saba, nimechoka, nikaandika sifuri.

Hakikutoka kitu. Mstari mtupu. Nikarudia. Mtupu. Sifuri kwa bainari ni sifuri, hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua, na programu ya mwalimu wa Iringa haikuwa na jibu. Niliyasoma tena yale maandishi hadi nikaona sababu, ingawa lugha ile sikuwa naijua. Programu ilikuwa inasema: maadamu namba ni kubwa kuliko sifuri, gawanya. Sasa sifuri si kubwa kuliko sifuri. Basi haiingii mlangoni kabisa. Inabaki nje, haina hata baki moja la kuonyesha.

Nilizima kompyuta, nikasaini kutoka, nikaenda nyumbani naimba. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Leo nimepumzika vizuri."

Nilikaa na ile sifuri siku kumi na mbili. Kila mtu alipomsifu mwalimu mpya mbele yangu, niliigusa moyoni kama mtu anayegusa kitu mfukoni kuhakikisha kipo. Ningeweza kumwambia wakati wowote. Meza yake ilikuwa hatua nne kutoka yangu. Kulikuwa na siku ya wazazi inakuja, na maofisa wa elimu kutoka wilayani walikuwa wamealikwa, na mkuu alikuwa ameshatangaza kwamba kompyuta ndiyo itakuwa maonyesho yetu makubwa. Nikasubiri.

Siku ilipofika, watu walijaa darasani hadi madirishani. Projekta ilikuwa inamulika ukutani. Mwalimu mpya alisimama, akasalimia, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Programu mtakayoiona leo sikuiandika mimi. Imeandikwa na mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu, mwanzo hadi mwisho. Mimi nilimwonyesha lugha tu. Hesabu zake anasema alifundishwa na Madam wake."

Akamwita yule binti. Akaja mbele, sare imepigwa pasi, akaangalia huku na huku hadi akaniona. Akatabasamu.

Hapo ndipo nilipopaswa kuiacha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuiacha. Jibu la kweli ni kwamba sikusikia "alifundishwa na Madam wake". Nilisikia kwamba ameandika kitu kizuri namna ile na hakuja kunionyesha mimi kwanza.

Wazazi wakaambiwa wataje namba. Mzee mmoja wa Kiikoma akainuka na fimbo yake, akasema, "Ng'ombe wangu ni arobaini na mmoja." Binti akaandika. Ukutani ikatokea 101001. Mzee akaitazama, akaisoma polepole: "Laki moja, elfu moja, na moja. Jamani! Mbona nyumbani siwaoni hao?" Darasa likapasuka kwa kicheko. Binti naye alicheka, akaeleza vizuri kwamba ng'ombe ni wale wale, kilichobadilika ni maandishi tu, na mzee akaketi ameridhika. Zikafuata namba nyingine sita, saba. Zote sawa.

Ofisa wa elimu akasema, "Nimefurahi sana. Kuna mwenye swali la mwisho?"

Mkono wangu ulikuwa juu tayari.

"Tuwekee sifuri," nikasema.

Akaandika sifuri. Ukutani hapakutokea kitu. Akadhani hakubonyeza vizuri, akarudia. Hapakutokea kitu. Akarudia mara ya tatu, kwa haraka, akagusa herufi badala ya namba, na kompyuta ikamwaga maneno mekundu ya makosa ukuta mzima. Nyuma mtu akacheka. Kisha wengi wakacheka, si kwa ubaya, kwa vile tu walikuwa wameshazoea kucheka mchana ule.

"Kumbe kompyuta haijui sifuri!" ofisa akasema, naye anatabasamu. Akanigeukia. "Mwalimu, una jicho. Hawa vijana wanahitaji watu wazima kama wewe wa kuwashika mkono."

Ndicho nilichokuwa nimekitaka, na nilikipata mbele ya watu wote. Binti alikuwa amesimama pale, mkono mmoja bado kwenye kibodi, ananitazama. Hakulia. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama hesabu ngumu.

Wiki iliyofuata hakuingia chumba cha kompyuta, na mezani kwangu hakuja pia. Kwenye kipindi changu aliketi nyuma, akaandika nilichoandika, akafunga daftari. Siku ya Alhamisi mwalimu mpya alinifuata ofisini wakati wengine wapo vipindini. Alikuwa ameshika lile daftari la kusaini.

"Madam, naomba nikuulize kitu. Ulijua?"

"Nilibahatisha," nikasema.

Akafungua daftari, akaliweka mbele yangu. Mwandiko wangu mzuri, saa nne hadi saa saba, Jumamosi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kama ungetaka kuniaibisha mimi, ningekuelewa. Mimi ni mgeni, nimekuja nimechukua somo lako. Ila hii ilikuwa ya mtoto. Na mtoto huyu anakusema wewe kila siku hadi nakuonea wivu."

"Wewe? Unanionea wivu mimi?"

"Nikimweleza kitu ananiambia, 'Madam anaeleza hivi.' Nimechoka." Akajaribu kucheka, hakuweza. Akaondoka, daftari akaliacha mezani kwangu.

Sikumwambia mume wangu. Niliona nikimwambia atanituliza, na nilikuwa sitaki kutulizwa. Jumatatu asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kuongoza paredi. Baada ya wimbo wa taifa na matangazo ya usafi, nilisema, "Nina jambo moja. Siku ya wazazi niliuliza swali la sifuri. Nilikuwa nimelijua kosa lile siku kumi na mbili kabla. Niliona, nikanyamaza, nikasubiri watu wajae. Mwalimu hafanyi hivyo. Naomba radhi kwa mwanafunzi mwenzenu na kwa mwalimu wake wa kompyuta."

Nilizoea kuwaona wanasukumana na kunong'ona, leo hakuna aliyesogeza mguu. Mkuu wa shule aliniita ofisini akaniambia mambo kama yale yanasemewa ndani, si mbele ya wanafunzi, kwamba nimejishushia heshima. Labda ni kweli. Kuna walimu wawili walioniita "Madam Sifuri" kwa muhula mzima, na mmoja alikuwa na tabia ya kutaja sifuri kila nikipita hata kama anaongelea mpira.

Mapumziko ya siku ile binti alikuja. Alisimama pembeni ya meza kama zamani, ila hakuwa na daftari.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Nikaanza kumweleza sababu ya kosa, kwa kuwa ndicho nilichojua kukisema. "Programu yako inasema gawanya maadamu namba ni kubwa kuliko sifuri. Sasa ukiweka sifuri yenyewe..."

"Haiingii," akasema. "Nilishairekebisha, Madam. Jioni ile ile. Nimeweka sharti mwanzoni: kama namba ni sifuri, toa sifuri."

"Ah. Vizuri."

"Nilifikiri labda nimekukosea kitu."

"Hukunikosea."

"Sasa kwa nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba alipoacha kuja mezani kwangu niliumia, na kwamba mtu mzima akiumia anaweza kufanya mambo ya kitoto. Alisikiliza amekunja uso. Sijui alielewa kiasi gani. Alisema, "Nilikuwa nataka niimalize kwanza, ifanye kazi vizuri, ndio nikuletee." Kisha kengele ikalia, akaondoka. Nilibaki nimeshika kikombe.

Wiki ile nilimfuata mwalimu mpya nikamwomba zile siku tatu. Alisema ndiyo bila kunifanya niombe mara mbili. Zikawa wiki tatu. Nilikuwa najifunza baada ya vipindi pamoja na watoto wa kidato cha kwanza, na wao walikuwa wananipita. Programu yangu ya kwanza niliyoiandika mwenyewe niliipa kumi na tatu, ikaniletea 1011. Nikaitazama. Mtoto mmoja aliyekaa karibu akachungulia, akaziba mdomo, akasema, "Madam, umesoma kutoka juu!" Mwalimu mpya alikuwa amegeuka dirishani, mabega yanatikisika. Nikacheka nami, kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Nilikuwa nimeliweka kila baki nyuma ya mengine badala ya mbele yake.

Ningependa kusema wivu uliishia hapo. Ulipungua, haukuisha. Mimi na mwalimu mpya tulizoeana, tukagawana vipindi, yeye akafundisha programu na mimi nikafundisha hesabu zilizo chini yake, na kusema kweli somo lilikwenda vizuri kuliko lilivyowahi kwenda. Lakini binti hakurudi kusimama mezani kwangu kila mapumziko. Alikuja mara moja moja. Alikuwa na adabu kuliko zamani, na adabu ile iliniuma, kwa sababu zamani alikuwa anaingia na kusema tu "nipe ngumu".

Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa kidato cha nne, akafaulu, akapangiwa kidato cha tano mkoa mwingine. Alipokuja shuleni kuchukua karatasi zake, alianza na chumba cha kompyuta. Nilijua, kwa kuwa nilikuwa natokea stoo nikasikia sauti zao. Ningeweza kwenda ofisini nikamsubiri huko kama mtu mwenye kazi zake. Niliketi kwenye ngazi za nje ya chumba kile. Niliona aibu kidogo kukaa pale, mwalimu wa miaka yangu, wanafunzi wanapita wananisalimia na kushangaa. Walikaa ndani muda mrefu. Nilihesabu dakika, siwezi kukataa.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniona, akasimama.

"Madam, nilikuwa nakuja kwako."

"Najua. Nimekuja kukupunguzia safari."

Akaketi kando yangu kwenye ngazi, sketi yake nzuri ya safari ikashika vumbi, na hatukuongea hesabu wala kompyuta. Aliniuliza maisha ya ugenini huwaje, kwa kuwa kule anakokwenda hamjui mtu. Nikamweleza nilivyoondoka Itiryo mara ya kwanza kwenda chuo, nilivyolia kwenye basi hadi kondakta akaniuliza kama nimefiwa. Akacheka sana. Mwalimu mpya alitoka, akatuona, akafunga mlango taratibu, akapita akituachia nafasi.